Dawa ya Wazazi kwenye Mgongo wa Mjomba

Pwani yetu, kuanzia Bunju mpaka Bagamoyo, hukosi kijiji chenye mtu aliyeanguka mnazi. Kwetu Kaole ni mjomba wangu, mkwezi tangu ujana. Alipopelekwa Dar es Salaam kuungwa pingili za uti wa mgongo, sisi wapwa tulikwenda kuchangia damu. Mfupa ukichongwa huvuja, na hauwezi kufungwa kwa uzi kama mshipa.

Daktari akasema atachomwa asidi ya tranexamiki kabla ya kisu. Mjomba akashtuka: "Dawa ya kugandisha damu? Si itaniganda mpaka moyoni?"

Hofu yake si ya kijinga, ila dawa haifanyi hivyo. Ukikatwa, mwili hufuma wavu wa nyuzi za fibrini juu ya jeraha. Baadaye mwili huohuo huleta plasmini, mkataji wa wavu. Kwenye upasuaji mkubwa mkataji huyu huwahi mno. Dawa haifumi wavu mpya. Inamzuia tu asiukate. Tafiti za upasuaji wa mgongo zimeonyesha damu inayopotea hupungua, na kwa jumla hazijaonyesha ongezeko la mabonge miguuni wala mapafuni. Hata hivyo, aliyewahi kupata bonge lazima amwambie daktari.

Mimi kilichonishika ni historia yake. Baada ya vita, huko Japani, Utako Okamoto na mumewe Shosuke walichagua kuchunguza damu kwa sababu ya umaskini: ikipungua, wangetoa yao wenyewe. Utako alifanya kazi maabara akiwa na mtoto mgongoni. Mwaka 1962 wakaitangaza dawa. Alichotaka ni kuokoa wazazi wanaovuja damu baada ya kujifungua, lakini madaktari wa Kobe hakuwapata.

Dawa ikaenda kwingine: kwenye meno, kwenye vyumba vya upasuaji. Jaribio kubwa kwa wazazi lilianza 2010 tu, kwa wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania ikiwemo. Majibu yalitoka Aprili 2017: ikitolewa ndani ya saa 3, vifo vya kuvuja damu hupungua kwa karibu theluthi moja. Utako alikuwa amefariki Aprili 2016, akiwa na miaka 98.

Nilimsimulia mjomba, ambaye sasa anatembea na mkongojo. Akanyamaza kidogo.

"Kumbe, mjomba, nimewaruka wazazi foleni."

Sikuwa na la kumjibu.