Helios na Skrubu ya Milimita 42

Mtu anayeanza kupiga picha kwa mapenzi tu, bila kutegemea malipo, hachukui muda kugundua kwamba kamera siyo mzigo mkubwa. Kamera iliyotumika hupatikana. Kinachomaliza fedha ni lenzi, hasa ile yenye tundu pana, inayomwezesha kupiga ndani ya nyumba bila flashi na kufifisha vitu vilivyo nyuma ya mtu. Akiulizia kwa wenzake wasio na fedha nyingi, hatakawia kutajiwa jina moja: Helios 44-2. Ni lenzi ya Kisovieti, ya chuma tupu, yenye uzito wa gramu 230 hivi, isiyo na waya wala mota ndani yake. Kwa miaka mingi iliuzwa kwa makumi machache ya dola, na picha zake hazifanani na unyonge wa bei hiyo.

Unafuu huo una historia ndefu, na chimbuko lake ni mji wa Jena, Ujerumani, ambako Carl Zeiss alifungua karakana yake mwaka 1846. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa lenzi Willy Merté alikuwa akibuni pale jamii ya lenzi zilizoitwa Biotar. Kabla ya Vita Kuu ya Pili kuanza ikatoka Biotar ya milimita 58 yenye tundu la f/2, iliyokusudiwa kamera ya Kine Exakta ya Dresden. Ndani yake mna vioo sita katika makundi manne, vya mbele na vya nyuma vikikaribia kulingana. Faida ya mpangilio huo ni kwamba kasoro nyingi ambazo nusu ya kwanza huziingiza kwenye mwanga, nusu ya pili huzipunguza. Wakati wake ilikuwa lenzi ya wenye uwezo.

Wamarekani waliingia Jena Aprili 1945. Walifahamu kwamba mji huo ungekabidhiwa kwa Wasovieti, hivyo kabla ya kuondoka wakawachukua wataalamu wakuu wa Zeiss na kuwapeleka magharibi. Kutokana na hao ikazaliwa Zeiss ya Oberkochen. Jeshi la Kisovieti liliposhika mji Julai mwaka huo lilikuta mashine, michoro na wafanyakazi waliobaki, na serikali yao ilitaka fidia ya vita. Sehemu kubwa ya mitambo ikang'olewa na kupakiwa kwenye mabehewa. Oktoba 1946 ikawa zamu ya watu: wataalamu wa Kijerumani wa fani mbalimbali, wa Zeiss wakiwemo, walichukuliwa pamoja na familia zao kwenda kufanya kazi Muungano wa Kisovieti. Mitambo ya kutengenezea kamera za Contax iliishia Kiev, katika kiwanda cha Arsenal. Ujuzi wa lenzi uliingia Krasnogorsk, pembezoni mwa Moscow, katika kiwanda kilichofahamika kwa herufi KMZ.

Wapo wanaoimaliza habari hii kwa neno moja: wizi. Neno hilo halitoshi. Nchi iliyokuwa imebomolewa na uvamizi wa Wajerumani ilijilipa kwa ilichokikuta, na wafanyakazi wa Jena, ambao wengi wao hawakuamua lolote kuhusu vita, ndio walioshuhudia karakana zao zikibaki kuta tupu. Pande zote mbili za jambo hilo zimo ndani ya kipande hiki cha chuma na kioo.

Krasnogorsk kwenyewe kulikuwa na kamera ya kuipokea lenzi hiyo, na asili yake ni ya ajabu zaidi. Mwaka 1927, karibu na Kharkiv, ilianzishwa jumuiya ya kazi ya vijana waliokuwa wakirandaranda mitaani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na njaa kuwaacha bila wazazi. Kiongozi wao alikuwa Anton Makarenko, mwalimu aliyeamini kwamba kijana hurekebika kwa kupewa kazi ya maana na kuheshimiwa. Jumuiya ilipewa jina la Feliks Edmundovich Dzerzhinsky, mwasisi wa polisi wa siri wa Kisovieti. Vijana walianza na vitu vya seremala, wakaenda kwenye mashine za umeme za kutobolea, kisha wakavunjavunja kamera ya Leica ya Ujerumani ili waielewe na kuiiga. Kuanzia 1934 kamera zao zilitoka kwa wingi, zikiwa na herufi tatu za jina la Dzerzhinsky: FED. Hebu mtu afikirie: kifaa kilichotengenezwa kwa vipimo vya sehemu ya mia ya milimita, mikononi mwa vijana ambao miaka michache nyuma walikuwa wakilala stesheni za reli.

Wajerumani waliposhambulia mwaka 1941, kiwanda cha FED kilihamishiwa mashariki. Vita vilipokwisha, Krasnogorsk ilianza kutengeneza kamera ya ukoo huo huo, na mwaka 1948 ikaipa jina la Zorki. Mwaka 1952 wahandisi wakaipasua Zorki juu, wakaweka kioo cha kupindisha mwanga na prizimu ili mpiga picha aone kupitia lenzi yenyewe. Hiyo ikawa Zenit. Mwaka 1958 kiwanda kikatoa kamera nyingine, Start, iliyokuja na lenzi mpya ya milimita 58 na f/2, yenye vioo sita katika makundi manne. Biotar ilikuwa imepata jina jipya, Helios-44. Haikukaa sana kwenye Start. Ikahamia kwenye Zenit, na hapo kamera yenye asili ya vijana wa Kharkiv ikafunga ndoa na kioo cha Jena.

Lakini nakala nzuri peke yake isingeifikisha Helios kwa watu wa mbali. Jambo lililofanya kazi hiyo ni dogo, na katika simulizi nyingi za kamera halipewi heshima inayostahili: hesi za skrubu.

Mwaka 1949 kamera mbili za eneo la Dresden, Contax S na Praktica, zilitoka zikiwa na mdomo wa aina moja. Lenzi ilifungwa kwa kuizungusha kwenye hesi zenye kipenyo cha milimita 42, umbali kati ya hesi moja na nyingine ukiwa milimita 1. Mdomo huo ukaja kuitwa M42. Mwaka 1957 kampuni ya Asahi ya Japani iliuchagua kwa kamera yake ya Pentax. Wakafuata Fujica, Yashica, Ricoh, Chinon, Cosina, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 Zenit nazo zilikuwa zimeingia. Nikon na Canon zilikuwa na midomo yao, na mwenye Nikon alinunua kilichotengenezwa kwa ajili ya Nikon. Mwenye M42 alikuwa na soko zima: mwili wa kamera kutoka Krasnogorsk, lenzi ya Tessar kutoka Jena, Takumar kutoka Tokyo. Dunia ilikuwa imegawanyika kwa ukuta na makombora, huku lenzi za pande zote mbili zikiingiliana kwenye mdomo mmoja. Pale ambapo watengenezaji wengi wanagombea mteja mmoja, bei hushuka, na mlalahoi hupata nafasi ya kuchagua.

Zenit-E iliyoanza mwaka 1965 ndiyo iliyoibeba Helios kwa umati. Krasnogorsk pekee ilitoa zaidi ya milioni 3, na kiwanda cha Belarus kikaongeza mamilioni mengine. Nyingi ziliuzwa nje, Uingereza ikiwa miongoni mwa masoko yake. Ilikuwa nzito na ngumu. Mbele yake, juu ya lenzi, kulikuwa na kidirisha cha seleniamu kilichozalisha umeme kidogo kilipopigwa na mwanga, kikasogeza mshale wa kupimia mwanga. Kamera haikuhitaji betri hata moja. Kasi za shata zilikuwa tano tu, kutoka 1/30 hadi 1/500, pamoja na ile ya kuachia wazi kadiri mtu anavyobonyeza. Dirisha la kutazamia lilionyesha takriban theluthi mbili ya picha, kwa hiyo mpiga picha alipata kwenye filamu vitu ambavyo hakuviona.

Matumizi ya Helios 44-2 yenyewe hufundisha. Ina pete mbili za tundu. Ya kwanza huwekwa kwenye namba inayotakiwa, tuseme f/8. Ya pili huzunguka kwa ulaini bila kubofya: mtu huifungua hadi f/2 ili dirisha liwe na mwanga, akafokasi, kisha bila kuondoa jicho anaizungusha hadi inapogota kwenye ile f/8, dirisha linafifia, anapiga. Kwa wapenzi wengi wa leo ambao kamera zao huamua kila kitu, hapo ndipo wanapoona kwa macho yao kazi ya tundu la lenzi. Hakuna somo la picha lililo bora kuliko hilo kwa bei hiyo.

Mwaka 1975 Pentax waliachana na M42 wakaleta mdomo wa kufunga kwa robo mzunguko. Miaka kumi baadaye fokasi ya kujiendesha iliingia, na lenzi za skrubu zikatupwa makabatini. Kamera za dijitali nazo mwanzoni hazikuzisaidia sana. Lenzi ya M42 inatakiwa kukaa milimita 45.46 mbele ya filamu au kihisio. Kamera za Canon EOS zina nafasi ya milimita 44, kwa hiyo pete nyembamba ilitosha kuiunganisha. Nikon ina milimita 46.5; lenzi tayari iko mbali mno, na bila kioo cha ziada vitu vya mbali havipati fokasi kabisa. Tofauti ya milimita moja hivi iliamua nani afaidi urithi wa Dresden.

Mambo yalibadilika mwaka 2008 Panasonic ilipotoa G1, kamera isiyo na kioo cha kupindisha mwanga. Kioo kilipoondoka, lenzi iliweza kusogea karibu sana na kihisio. Sony ilifuata mwaka 2010 na kamera za NEX, zenye nafasi ya milimita 18 tu. Ghafla karibu kila lenzi ya zamani iliingia, kwa bomba fupi la alumini lisilo na kioo ndani yake. Sony iliongeza pia rangi zinazong'aa kwenye kingo za kitu kilichopata fokasi, na ule ugumu wa kufokasi kwa mkono ukapungua nusu. Makabati yakaanza kufunguliwa.

Kilichowavutia watu kwenye Helios ni kasoro yake. Tundu likiwa wazi, mwanga unaokuja kwa pembeni hukatwa na ukingo wa mwili wa lenzi, na vidoa vya mwanga vilivyo nyuma ya mtu hubanwa vikawa na umbo la jicho la paka, vyote vikizunguka katikati ya picha. Mtu akisimamishwa kama mita moja na nusu mbele ya kamera, majani yenye jua yakiwa mbali nyuma yake, majani hayo huonekana yakimzunguka. Wabunifu wa lenzi walitumia miaka mingi kuiondoa hali hiyo. Vijana wa sasa wanaitafuta. Hata sinema kubwa zimefuata: baadhi ya sehemu za Dune: Part Two ya mwaka 2024 zilipigwa na Greig Fraser kwa lenzi za Kisovieti zilizovishwa miili mipya na IronGlass, kampuni ya Ukraini.

Anayenunua anapaswa kuikagua kwa umakini. Nembo iliyo mbele huonyesha kiwanda, na mara nyingi tarakimu mbili za kwanza za namba ya lenzi ni mwaka wa kutengenezwa. Kwa mkaazi wa Tanga, Mombasa au Unguja, adui mkubwa ni ukungu. Unyevu wa pwani huotesha nyuzi nyeupe kwenye vioo, na zikiachwa zinakula utando wa juu hadi kioo chenyewe kinapata makovu. Tochi ya simu ikimulikwa kutoka nyuma ya lenzi, tundu likiwa wazi, huufichua mara moja. Lenzi ikae pakavu, penye hewa na mwanga, siyo ndani ya mfuko wa ngozi uliofungwa. Helios walau hufunguka kwa urahisi mbele ya fundi mwenye subira.

Umaarufu umeleta hasara pia. Trioplan ya milimita 100 kutoka Görlitz, lenzi ya vioo vitatu tu ambayo kila kidoa cha mwanga nyuma ya kitu hukichora kama povu la sabuni, ilikuwa ya bei ya chini hadi watu walipoanza kuigombea; ilipofufuliwa kama lenzi mpya iliuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Helios nayo imepanda, ingawa wingi wake unaizuia isifike huko. Jibu kwa wenye mfuko mdogo limetoka China. Miaka michache iliyopita TTArtisan ilitoa lenzi yake ya milimita 100 yenye f/2.8 na povu lile lile la Trioplan, kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Ni lenzi mpya kabisa, na mdomo ambao kampuni hiyo iliichagulia ni M42, hesi zile zile za mwaka 1949.