Seng'enge Katika Nchi ya Shaba

Ua mashuhuri kuliko wote uliowahi kusimikwa katika eneo ambalo leo ni jimbo la Lualaba, nchini Kongo, haukuwa wa ng'ombe. Ulikuwa Bunkeya, makao makuu ya Msiri, Mnyamwezi aliyetoka nchi ambayo sasa ni Tanzania akajijengea dola ya Garenganze. Wageni walikuta mafuvu ya watu yamechomekwa juu ya miti ya boma lake; daktari Joseph Moloney, aliyefika mwaka 1891 na msafara wa Kapteni Stairs, ni mmoja wa walioshuhudia. Boma lilijengwa kumzuia adui na kumtia hofu. Malisho ya kuzungushia ua yalikuwa haba, na aliyesababisha hayo hakuwa Msiri wala Mbelgiji. Alikuwa mbung'o.

Mbung'o wa nchi hii ni wa miombo. Anapenda kivuli cha miti, wanyama pori wa kuwanyonya, na udongo mkavu ambamo jike huangusha buu mmoja mmoja. Ng'ombe akiumwa anapata nagana: anakonda, damu inapungua, anakufa. Basi kufyeka pori Katanga, jimbo la zamani lililojumuisha Lualaba ya leo, hakukuwa suala la majani tu. Kila mti ulioangushwa ulipunguza kivuli cha mbung'o.

Aliyelipia kazi hiyo ni mgodi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na ghafla kukawa na maelfu ya watu wanaochimba na kuyeyusha shaba pasipo kulima wala kufuga. Walihitaji nyama. Mwanzoni ililetwa ikiwa hai: ndugu wawili, Elie na Harry Susman, walinunua ng'ombe wa Walozi huko Barotseland, magharibi mwa Zambia ya leo, na kuwasukuma kuelekea soko la Katanga. Mwaka 1915 homa ya mapafu ya ng'ombe ikazuka Barotseland, biashara ikafungwa, na wakuu wa Katanga wakapata somo juu ya hatari ya kutegemea zizi la jirani. Mwaka 1925 ikaundwa Elakat, kampuni ya ufugaji na chakula ya Katanga.

Elakat ilipanda juu, uwanda wa Biano, kaskazini mwa Tenke, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Huko usiku wa kiangazi una baridi kali, nyasi zimetanda hadi upeo wa macho na miti ni michache, kwa hiyo mbung'o hana pa kujificha. Lakini uwanda usio na miti hauna nguzo pia! Mti wa kusimika sharti utoke kwenye miteremko yenye msitu, na si mti wowote unaofaa. Mchwa wa Katanga, wanaojenga vichuguu virefu kuliko nyumba, humaliza nguzo laini kwa msimu mmoja au miwili. Mjenzi mwenye akili hutafuta kiini cha mninga, hukausha, huchoma ncha itakayoingia ardhini. Waya wa miiba wenyewe ni uvumbuzi wa wakulima wa Marekani. Joseph Glidden wa Illinois alipata hataza ya seng'enge mwaka 1874.

Ua ukisimama, ng'ombe hawachanganyiki na mifugo yenye maradhi, na wanapelekwa kwenye josho kwa zamu ili kupe wafe. Bila josho, ua ni pambo.

Kwenye mabonde ya miombo, mambo ni magumu zaidi. Mwombo ukikatwa haufi. Kisiki na mizizi huchipua tena, na shamba lililosafishwa kwa jasho hurudi kuwa pori la fito. Ng'ambo ya mpaka, huko Ndola katika Zambia ya leo, majaribio ya moto yaliyoanza mwaka 1933 yalionyesha siri yake. Viwanja vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa kavu kabisa, vilipoteza miti na kuwa mbuga. Vilivyolindwa dhidi ya moto vilibaki msitu mzito. Kwa hiyo mfugaji ana silaha mbili, panga na kiberiti, na cha pili ndicho chenye nguvu, ingawa ndicho kinachoweza pia kula nguzo zake.

Uhuru ulikuja mwaka 1960, na sheria ya Julai 1973 ikaifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali. Biano haikuachwa: Grelka, kampuni ya kundi la Forrest, imeendelea kufuga huko. Moïse Katumbi, gavana wa Katanga kati ya 2007 na 2015, alizitaka kampuni za madini zilime hekta 500 kila moja, yaani karne moja baadaye mgodi uliambiwa tena ujilishe.

Kolwezi ya sasa, mji wa migodi wa Lualaba, inajenga nyua nyingi kuliko zamani, ila kilichomo ndani ni kobalti. Mtaani Kasulo, ambako wakazi walichimba chini ya nyumba zao, kaya zilihamishwa mwaka 2017 na eneo likazungushiwa ukuta. Anayetaka kufuga karibu na mji huu ajue kwamba haki ya kilicho chini ya udongo ni tofauti na haki ya kuukalia. Kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza, aende ofisi ya Cadastre Minier, inayosajili haki za madini, aulize kitalu hicho kimeandikwa jina la nani.