Kamba Kuzunguka Uwanja

Juzijuzi kamati ya mashindano ya vijana hapa Mute ilikaa chini ya mwembe kuzungumza habari ya hela. Mipira imebaki miwili, na mmoja unavuja. Kijana mmoja akasema, "Tuzungushe kamba uwanja mzima, anayeingia atoe metikali 10." Wengi tukaona sawa. Ndipo mama mmoja anayeuza mandazi pembeni ya uwanja akauliza, "Wanangu, na asiye nayo hiyo 10 atasimama wapi?" Hakuna aliyemjibu. Nikarudi nyumbani na lile swali, nikaanza kusoma: wenzetu waliotangulia kutoza viingilio, yaliwakuta yapi?

Nianze na mtu wa nchi yetu. Eusébio alizaliwa mwaka 1942 Mafalala, pembezoni mwa Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo. Wakoloni waliugawa mji, na mpira nao ukagawanyika: klabu za Wazungu zilikuwa na viwanja vyao mjini, Waafrika wakawa na chama chao na ligi yao huko mitaani. Yeye alianza na mpira wa soksi zilizojazwa magazeti. Kumwona hakukuhitaji tiketi, unasimama tu mchangani. Desemba 1960 akapanda ndege kwenda Benfica, na mwaka 1966 akafunga mabao 9 kwenye Kombe la Dunia kule Uingereza. Mafalala walikomtazama bure, sasa wakabaki kumsikia redioni.

Twende hukohuko Uingereza, maana ligi yao ndiyo inayojaza mabanda ya video huku kwetu. Zamani mashabiki wengi kule walikuwa watu wa bandarini na viwandani. Walisimama nyuma ya magoli kwa bei ndogo. Tarehe 15 Aprili 1989, kwenye uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uzio, na waliokufa kwa ajali ile ni 97. Jaji Taylor akachunguza, na mwaka 1990 akashauri mashabiki wote wa viwanja vikubwa wakae kwenye viti. Ila alisema pia kwamba inawezekana kupanga bei ili yule aliyezoea kusimama aweze kulipia kiti. Akatoa mfano wa Ibrox, Glasgow: kusimama pauni 4, kukaa pauni 6.

Viti vikawekwa. Ule ushauri wa bei ukasahauliwa. Mwaka 1992 Ligi Kuu mpya ikaanza, hela za televisheni zikamiminika. Mimi ningedhani hela hizo zitashusha bei ya mlangoni. Wapi! Mishahara ya wachezaji ikapaa, watu wanaotaka kuingia wakazidi viti, na mwenye uwanja akajua kwamba hata akipandisha bei patajaa tu.

Lakini mashabiki hawakukaa kimya. Februari 2016 Liverpool walitangaza kwamba tiketi ya bei ya juu itafika pauni 77. Wakicheza na Sunderland, dakika ya 77, maelfu ya watu waliinuka wakatoka nje. Liverpool walikuwa wanaongoza 2-0, mchezo ukaisha 2-2. Siku chache baadaye wenye klabu wakaomba radhi, bei ya juu ikabaki pauni 59. Mwaka huohuo klabu za Ligi Kuu zikakubaliana kwamba shabiki wa timu ngeni asilipe zaidi ya pauni 30. Kumbe bei hushuka, watu wakiwa kitu kimoja.

Ukipanda juu zaidi, mambo ni mazito. Kwa Kombe la Dunia la 2026, bei zilizotangazwa kwanza mwaka 2025 zilianzia dola 60, na za fainali zikafika dola 6,730. Hiyo ni kama metikali 430,000. Tena bei yenyewe ilipangwa kupanda na kushuka kufuata wanunuzi, kama samaki pwani siku ambayo mashua zimerudi chache. Tofauti ni kwamba mvuvi hakupunguza samaki baharini.

Majirani zetu Watanzania wana uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007, wa watu kama 60,000. Kuna VIP, na kuna mzunguko kwa wenye mfuko mdogo. Ukisikia ngoma na vuvuzela za Simba na Yanga, jua zinatoka mzunguko. Ukimtoa mtu wa mzunguko, uwanja unabaki na viti tu.

Sisi wa Mute tiketi hata siyo mzigo wa kwanza. Mzigo ni njia. Maputo ni zaidi ya kilomita 2,000, na ukitaka Dar lazima uvuke Ruvuma kwanza, upite Mtwara, ndipo uendelee. Timu za Moçambola zenyewe zinalia na nauli za ndege, sembuse kijana asiye na kazi? Kwa hiyo vijana wangu mpira wa kulipwa wanaujua kwenye banda tu, na hapo nako wanalipa mlangoni. Uwanja wetu wa mchanga ndio pekee unaowapokea bila kuwauliza mfukoni.

Ndugu msomaji, wewe uliyekimbia mwaka 2021 unakumbuka. Wengine tulifika Pemba, wengine Mueda, wengine mtoni. Kabla mahema hayajatosha, watoto walikuwa wameshapata pa kupigia mpira, na watu wa vijiji mbalimbali, Wamwani na Wamakonde, wakasimama pamoja kutazama. Pale ndipo wengi tulipojuana majina. Tungeweka kamba siku ile, nani angeingia?

Kamati ilipokaa tena niliyasema haya yote. Tulibishana hadi magharibi. Tukakubaliana kamba isiwekwe: lipitishwe kapu wakati wa mapumziko, mwenye nacho atie, na wenye maduka waombwe kununua mpira. Kapu la kwanza halikufika hata nusu ya bei ya mpira mmoja. Ule unaovuja tumeushona tena. Yule mama wa mandazi alitia metikali 5, mwanawe akacheza beki wa kushoto.