Kipimo Kilichohamia Nyumbani: Funzo la Kisenyi

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Methali hii humtaka mtu asione haya kumfunulia mkunga au mganga mwili wake anapohitaji msaada. Hata hivyo, historia ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi yaonyesha kwamba haya haiondolewi kwa mawaidha peke yake. Wakati mwingine njia yenyewe ya kupima ndiyo inayopaswa kubadilika.

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mji wa mimba, inayokutana na uke. Mwaka 1941, daktari mzaliwa wa Ugiriki, George Papanicolaou, pamoja na mwenzake Herbert Traut, walichapisha huko Marekani njia ya kuchunguza chembe kwa hadubini ili kuigundua saratani hiyo mapema. Njia hiyo iliokoa wanawake wengi katika nchi tajiri. Lakini ilihitaji mhudumu aliyefunzwa, chombo cha kupanulia uke, na maabara yenye wataalamu wa kusoma chembe. Katika nchi kama Uganda, mahitaji hayo yalikuwa haba. Ndipo ikatumika njia nafuu zaidi: mhudumu hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, kisha hutazama kama panatokea mabaka meupe. Gharama ilipungua, ila mwanamke bado alilazimika kuacha shughuli zake, kwenda kituoni na kuvua nguo mbele ya mtu asiyemjua.

Mwaka 1983, Harald zur Hausen wa Ujerumani na wenzake walitangaza kwamba wamekikuta kirusi cha papiloma, aina ya 16, ndani ya saratani hiyo. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kwa kuwa dalili za kirusi hupatikana hata katika majimaji ya uke, si lazima mlango wa kizazi uonekane. Mwanamke aweza kujichukulia sampuli faraghani, kwa kijiti chenye ncha laini, kisha ikapelekwa maabara.

Je, wanawake wangekubali? Jibu lilitafutwa Kisenyi, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wanawake 500 waligawanywa makundi mawili sawa. Walioitwa kituoni kupimwa kwa siki walifika 121. Waliopewa vijiti vya kujichukulia sampuli walizitoa 248.

Hata hivyo, utafiti uo huo ulitoa onyo. Miongoni mwa hao 248, wanawake 73 walikutwa na kirusi, na ni 33 tu waliofika kituoni kwa uchunguzi uliofuata. Kuwa na kirusi si kuwa na saratani. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Lakini kikidumu kwa miaka, huweza kuzaa saratani, na mabadiliko yanayoitangulia hutibika.

Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilikubali sampuli za kujichukulia katika miongozo yake. Lengo lake ni kwamba kufikia mwaka 2030, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa, na asilimia 90 ya watakaokutwa na ugonjwa watibiwe. Kwa hiyo, raia anayedai haki ya afya asiridhike na kugawiwa vijiti. Aulize pia majibu yatarudi lini, na matibabu yatapatikana wapi.