Msongo wa Kilovoti, Msongo wa Mawazo

Magazeti ya Tanzania yakiandika habari za umeme hutaja njia za msongo wa kilovoti 220, au 400, zile nyaya nene zinazokatiza mapori juu ya minara ya chuma. Kurasa chache mbele, safu ya afya inaeleza dalili za msongo wa mawazo. Msomaji hashtuki. Neno ni lilelile, ila msongo wa kwanza fundi anaupima kwa mita, na wa pili mwenye nao huupima kwa saa alizokesha akitazama dari.

Mzizi wake umo jikoni. Kusonga ugali si kukoroga: mpishi anaukandamiza unga kwa mwiko kwenye ubavu wa sufuria, anaugeuza, anaukandamiza tena, mpaka madonge yaishe na kitu chote kishikamane. Magari yakibanana barabarani ni msongamano. Mtu akizidiwa na madeni tunasema yamemsonga. Kote humo kuna kubanwa, tena kubanwa kutoka pande zaidi ya moja, na ndiyo maana waliolichukua neno hili kwa ajili ya akili ya binadamu hawakulazimika kulieleza sana.

Kiingereza kilifika hapo kwa kupitia karakana. “Stress” lilikuwa neno la wahandisi, la mzigo unaokandamiza nondo au nguzo ya daraja. Aliyelihamishia mwilini kwa kishindo ni Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Montreal. Julai 1936 alichapisha barua fupi katika jarida la Nature kuhusu panya aliowatia kwenye baridi, upasuaji, kazi nzito ya misuli na dawa kali. Mateso yalitofautiana lakini miili ilijibu kwa namna moja: tezi zilizo juu ya figo zilivimba, vidonda vikatokea tumboni. Neno “stress” alilishikilia baadaye, na kwa kosa ambalo mwenyewe alilikiri. Wahandisi hutenganisha mzigo unaokandamiza na namna chuma kinavyopinda chini yake. Selye aliupa mpindo huo jina la mzigo, kisha akasema Kiingereza chake hakikuwa kizuri vya kutosha. Wafaransa na Wajerumani walilichukua neno hilo bila kulitafsiri, kosa likiwa ndani yake.

Kiswahili kilikuwa na njia kadhaa. Mkazo lingefaa, lakini fizikia ilikwisha kulichukua, na wanaisimu nao wanalo: ndilo jina la shadda inayoangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Presha lipo midomoni mwa kila mtu, ila ukisema “ana presha” atapelekwa kupimwa mkono. Stresi ni la vijiweni na linafanya kazi yake vizuri huko. Mfadhaiko lina mshtuko ndani yake, kama wa mtu aliyepokea habari mbaya sasa hivi. Liko pia dhiki, na hili linasikitisha kidogo kuliacha, maana katika Kiarabu asili yake ni wembamba, mahali finyu pasipopitika, na “stress” nalo ukilifuata nyuma hadi Kilatini unakuta maana ya kukazwa na kubanwa. Picha ni moja kabisa. Lakini dhiki limeshikwa na mfuko mtupu, na mtu anaweza kuwa na mshahara mzuri na bado asilale.

Ikabaki msongo wa mawazo, na istilahi hii ina walalamikaji wake. Wanasema “wa mawazo” inalifanya jambo lionekane la kichwani tu, wakati Selye alianza na tezi na tumbo. Wana hoja. Mapigo ya moyo, sukari kwenye damu, homoni ya kortisoli inayotoka katika zile tezi za juu ya figo, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho wazo. Lakini kwenye suala la usingizi lalamiko hilo linapungua nguvu, na mahali pazuri pa kuliona hilo ni kwa watu wanaolipwa kusikiliza hasira za wengine.

Mchukue dada wa huduma kwa wateja katika kampuni yoyote ya simu. Hedifoni masikioni, kioo mbele yake kinahesabu sekunde za kila simu. Anapiga mteja aliyetuma laki mbili kwa namba siyo. “Dada, nimekosea tarakimu moja tu.” Anafungua muamala na kuona kwamba aliyepokea ameshatoa hela kwa wakala, dakika kumi na mbili zilizopita. Hawezi kuzirudisha, anachoweza ni kuandikisha lalamiko na kumwambia mteja asubiri. Mteja haambiliki. Anamwita mwizi, anamwuliza kama amesoma, anataka kuongea na bosi wake. Dada anajibu, “Samahani sana kwa usumbufu uliojitokeza,” kwa sauti tulivu ileile aliyoitumia kwa mteja aliyetangulia, maana simu inarekodiwa. Simu inakatwa. Inayofuata inaingia kabla hajameza mate.

Kazi hiyo ya kuishikilia sauti ina jina. Mwanasosholojia wa Marekani Arlie Russell Hochschild aliieleza mwaka 1983 katika kitabu kuhusu wahudumu wa ndege, akionyesha kwamba tabasamu lao ni sehemu ya bidhaa inayouzwa, na kwamba kulitoa siku nzima kunachosha kama kubeba mizigo. Tafsiri mojawapo ya jina hilo, kazi ya hisia, inateleza: inasikika kana kwamba hisia zina shughuli zake. Kutumikisha hisia ingekuwa karibu zaidi na ukweli, kwa sababu kuna mtumikishaji na kuna saa za zamu. Hochschild alitofautisha anayeigiza juu juu, uso ukisema hili na moyo ukisema lile, na anayejitahidi kweli kuhisi anachotakiwa kuonyesha. Yule wa kwanza ndiye mwenye usiku mrefu.

Zamu inakwisha. Kwa wanaohudumia wateja wa New York kutoka Nairobi, saa za ofisi za kule, tatu asubuhi hadi kumi na moja jioni, zinaangukia saa kumi jioni hadi saa sita usiku. Wamarekani wanaporudisha saa nyuma kuelekea baridi, zamu nayo inasogea mpaka saa saba. Dada yule naye, wa zamu ya usiku, anafika nyumbani wakati ambao kortisoli ya mwili wa kawaida iko chini kabisa. Kiwango hicho huanza kupanda kabla ya alfajiri, ili mtu aamke. Cha kwake hakiko chini. Mwili uliojibu tusi kwa ukimya bado umejiandaa kwa ugomvi ambao haukutokea, na hakuna aliyeuambia kwamba umeahirishwa.

Hapo ndipo mawazo yanapoingia, kwa maana halisi ya neno. Anajilaza, anafumba macho, na simu ya laki mbili inaanza upya. Safari hii anamjibu. Ningemwambia hivi, ningemwambia vile. Anageuka ubavu. Saa nane usiku hajapata hata lepe la usingizi, na unaokuja alfajiri ni ule wa mang'amung'amu, ambamo sauti za foleni ya simu na adhana ya msikiti wa jirani vinachanganyika. Nchini Sweden, Torbjörn Åkerstedt na wenzake walichapisha mwaka 2002 utafiti wa watu zaidi ya 5,000. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana sana na usingizi mbovu, pamoja na wingi wa kazi, lilikuwamo hili: kushindwa kuacha kuifikiria kazi baada ya kutoka kazini. Waswahili waliokuwa wakisema “ana mawazo” kumaanisha mtu aliyekosa raha hawakuhitaji kupelekwa Sweden.

Usiku mmoja wa namna hiyo haumharibii mtu kitu kikubwa. Tatizo ni kwamba mtu asiyelala ana ngozi nyembamba kesho yake. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2007 lilionyesha kwamba kwa watu waliokeshwa, sehemu ya ubongo inayopokea vitisho inawaka zaidi wanapoonyeshwa picha mbaya. Dada yule anarudi kwenye kiti akiwa na kazi ileile ya kutohamaki, na nguvu pungufu za kuifanya.

Sheria inalijua hili nusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, inadai nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, na inampa mfanyakazi saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku na siku. Saa hizo zinahesabiwa tangu mtu anapotoka mlangoni. Kichwa kilichobaki kwenye kiti hakina karatasi ya mahudhurio.

Wanasaikolojia, Mjerumani Sabine Sonnentag akiwa miongoni mwao, wana istilahi ya kule kukiondoa kichwa kazini, na hapa Kiswahili bado kinahangaika. “Kujitenga kisaikolojia” kunamfanya mtu aonekane amewasusa jamaa zake. “Kujivua kazi” msikilizaji ataelewa amejiuzulu. Lakini mchukuzi akifika anautua mzigo, ndege inatua, jua linatua, na kutoka mzizi huohuo tunapata kutulia na utulivu. Anayelia bila kunyamaza tunasema analia bila mtuo. Mtuo basi: fupi, kongwe, na lina mzigo ndani yake tayari. Mtu aliye na msongo wa mawazo ni mtu aliyekosa mtuo. Wataalamu wa istilahi wangeweza kufanya vibaya zaidi ya hapo, na wamewahi.

Mzigo huo unatuliwaje? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor walichapisha mwaka 2018 jaribio dogo la vijana 57 wenye afya, si watu wa zamu wala wa hedifoni. Kabla ya kulala, nusu waliandika kwa dakika 5 mambo waliyotakiwa kufanya siku zinazofuata. Nusu waliandika waliyokwisha kuyamaliza. Wa kundi la kwanza walipitiwa na usingizi mapema zaidi, kwa kama dakika 9. Aliyeandika orodha kwa undani zaidi alilala upesi zaidi. Kwa dada wa huduma kwa wateja hilo lingekuwa daftari la shule kando ya mto, kalamu ya bei rahisi, na mstari wa kwanza: lalamiko la laki mbili, fuatilia kesho saa tisa, mteja apigiwe.