Herufi Ziendazo Moja kwa Moja kwenye Printa

Hapa Rumangabo, makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga iliyoanzishwa 1925, Kifaransa ni lugha ya makaratasi, Kiswahili ni ya mazungumzo. Printa ya sindano huzitofautisha.

Programu ikiipelekea maandishi matupu, bila fonti wala picha, hutuma namba tu: 65 ni A, 10 hushusha mstari, 12 humaliza ukurasa. Umbo la herufi limehifadhiwa ndani ya printa yenyewe. Sindano hugonga utepe wa wino, nukta kwa nukta.

“Mbuga” hutoka salama, kwani herufi zote za Kiswahili zimo katika alama 128 za ASCII, orodha ya namba hizo. “République”, neno la kwanza la jina la nchi kwa Kifaransa, huhitaji é, isiyokuwamo. Programu na printa zisipokubaliana namba yake, hutokea alama ngeni, tena katikati ya jina la nchi.