Mgeni na Mwenyeji Kando ya Ziwa Mweru: Lugha, Ardhi na Usawa katika Historia ya Nchelenge

Utangulizi

Wilaya ya Nchelenge iko katika Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya ziwa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Upande wa Zambia lugha kuu ya mawasiliano ni Kibemba. Upande wa Kongo, Kibemba na Kiswahili cha Katanga vinatumika sambamba. Katika mijadala ya wanataaluma, Kiswahili husifiwa kuwa ni lugha ya umoja, isiyo na kabila. Sifa hiyo ina ukweli, lakini historia ya ufuo huu inaidai ithibitishwe. Makala haya yanadai kwamba katika eneo la Mweru lugha ya pamoja haikutosha kumfanya mgeni awe mwenzi. Kilichomfanya awe mwenzi ni kupewa nafasi: ardhi, maji, watu wa kumzika na haki ya kusikilizwa. Pale nafasi hiyo iliponyimwa, lugha ileile iliyowakutanisha watu iliweza pia kuwapanga kwa madaraja.

Lugha ya msafara na madaraja yake

Kiswahili kilifika Mweru kwa njia ya biashara. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walifuata pembe za ndovu, shaba na watumwa hadi katika dola ya Walunda ya Mwata Kazembe, katika bonde la Luapula. David Livingstone alipofika huko mwishoni mwa mwaka 1867, alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amekaa kwa Kazembe miaka mingi bila ruhusa ya kuondoka. Mwaka huohuo Tippu Tip alimshinda Nsama, mtawala wa Watabwa, katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika. Ushindi huo ameusimulia mwenyewe katika tawasifu aliyoiandika kwa Kiswahili. Hivyo, miongoni mwa maandishi ya mapema ya Kiswahili yanayoihusu nchi hii ni simulizi ya mshindi.

Msamiati wa misafara ulibeba ubaguzi wake. Watu wa msafara walijiita waungwana, na wenyeji waliopitiwa njiani wakaitwa washenzi. Mpagazi aliyekuwa mtumwa jana aliweza kujiita mwungwana leo, mradi awe mbali na kwao na awe na mtu mwingine wa kumdharau. Hata Kingwana, jina walilopewa baadhi ya lahaja za Kiswahili cha Kongo, linatokana na neno hilo la daraja. Mtafiti wa Kiswahili hana haja ya kuionea haya historia hii, lakini hana ruhusa ya kuificha. Wazee waliohusisha lugha hii na kamba na minyororo walikuwa na sababu.

Zawadi ya Nachituti

Wenyeji wenyewe walikuwa na utaratibu gani wa kumpokea mgeni? Masimulizi maarufu zaidi ya bonde la Luapula ni yale ya Nachituti, dada yake Nkuba, mkuu wa Washila, wavuvi waliokuwa na mamlaka juu ya ziwa. Nkuba alimuua mtoto wa dada yake. Nachituti akaenda kwa Kazembe kudai kisasi. Nkuba alipouawa, Nachituti alimkabidhi Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa.

Masimulizi haya yanahalalisha utawala wa wageni Walunda, na yasisomwe kama hadithi ya upole: zawadi ilitanguliwa na damu. Hata hivyo, yanaeleza mpango wa kijamii uliodumu. Walunda walitawala, lakini warithi wa wenyeji wa kale waliendelea kutambuliwa kuwa wenyewe wa maji na kusimamia matambiko ya uvuvi. Aliyeshindwa hakufutwa, alibakiziwa kazi ambayo mshindi hangeweza kuifanya bila yeye.

Utaratibu wa pili ulikuwa wa koo. Ian Cunnison, aliyefanya utafiti Luapula mwishoni mwa miaka ya 1940, alieleza jinsi watu wa asili nyingi walivyoishi katika vijiji vilevile huku koo zao zikivuka mipaka ya makabila. Miongoni mwa watu wa eneo hili na Wabemba, koo fulani zina utani baina yao, na watani huitwa banungwe. Ukoo wa Mamba hutaniana na ukoo wa Samaki, na ule wa Chui na ule wa Mbuzi. Kama ilivyo katika utani wa Tanzania, mtani ana ruhusa ya kutukana na wajibu wa kuzika. Mgeni aliyefika bila ndugu aliweza kumpata mtu wa ukoo wake, au mtani, katika kijiji asichokijua.

Mpaka na ubaguzi wa rangi

Mkataba wa tarehe 12 Mei 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold uliifanya Luapula na Mweru kuwa mpaka. Malale yalipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wa ufuo na kuwatenga na ziwa lao. Ng'ambo, migodi ya Katanga ilihitaji vibarua, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Johannes Fabian ameonyesha jinsi lugha hiyo ilivyofungamana na mamlaka ya kikoloni: ilikuwa lugha ya amri kabla ya kuwa lugha ya mtaa, ingawa wafanyakazi wenyewe waliigeuza ikawa yao.

Upande wa Waingereza, ubaguzi wa rangi ulitawala maduka, hoteli na ofisi. Dauti Yamba, mwalimu na mwanasiasa mwenye asili ya Luapula, aliingia katika Bunge la Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, na mwaka 1954 akawasilisha hoja ya kutaka watu wa rangi zote watendewe sawa katika mahali pa umma. Hoja ilikataliwa. Yamba na wapinzani wake walielewana vizuri kwa Kiingereza. Kilichokosekana hakikuwa lugha.

Mantapala

Swali hilo limerudi Nchelenge katika karne hii. Kuanzia mwaka 2017, mapigano katika majimbo ya Tanganyika na Haut-Katanga yaliwavusha maelfu ya Wakongo hadi Zambia. Chanzo kimojawapo kilikuwa mgogoro wa Waluba na Watwa, jamii iliyodharauliwa kwa muda mrefu. Mwaka 2018 makazi ya Mantapala yalifunguliwa, na mpango wake ulikuwa wakimbizi wapewe viwanja vya kujenga na kulima, na shule na huduma za afya ziwahudumie wao pamoja na Wazambia jirani.

Hapa mkimbizi anayesema Kiswahili amepewa udongo. Maji, kwa maana ya masimulizi ya Nachituti, bado hajapewa. Zambia ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka sharti kuhusu kifungu cha 26, kinachohusu uhuru wa kwenda utakako, na mkimbizi huhitaji kibali ili atoke nje ya makazi. Jirani yake huenda ziwani na sokoni bila kumwomba mtu.

Hitimisho

Kiswahili kimepita Mweru kama lugha ya mfanyabiashara, ya mnyapara na sasa ya mkimbizi. Katika zamu mbili za kwanza kilisemwa na wenye nguvu. Katika ya tatu kinasemwa na wanaoomba hifadhi. Kwa hiyo kukifundisha Nchelenge, au kuwafundisha wakimbizi Kibemba, ni jambo jema lakini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ya sheria na ya ujirani: kapu la udongo liende pamoja na chungu cha maji, na anayefika bila ndugu apate mtani wa kumzika.